Injini iliitika, breki zikakataa: kisa cha M35A2 iliyofufuliwa uani

Mwenye lori ni mzee wa Kimombasa aliyestaafu udereva wa malori ya masafa marefu. Anaishi nje kidogo ya Columbus, Ohio, ambako viwanja bado ni vikubwa na jirani hapigi kelele ukiegesha kitu cha karibu tani sita ubavuni mwa nyumba. Lori ni la jeshi la Marekani, M35A2 ya mwaka 1971, tairi kumi, ekseli tatu na zote zinavuta. Alilinunua kwa mtu aliyelitoa mnadani kisha akaliacha shambani mpaka majani yakapita sakafu ya kabini. Akalifufua mwenyewe, akaliwasha, na siku ya kulitembeza uani pedali ya breki ikazama hadi chini na lori likaendelea kwenda.

Hakuumia mtu. Lakini kisa kinafaa kuchambuliwa, kwa sababu mzee huyu si mgeni wa malori. Ameendesha na kutengeneza magari mazito maisha yake yote, na karibu kila alichofanya alikifanya vizuri. Kasoro ilikuwa kwenye mpangilio wa kazi, na kwenye jaribio moja aliloliamini kupita kiasi.

Kwanza lori lenyewe. Ukoo wa M35 ulianza kazi jeshini mwaka 1950, ukisanifiwa na kampuni ya REO. A2 ni toleo la miaka ya 60 lililodumu sana. Hili la kwetu lilitoka South Bend, Indiana, kwenye kiwanda cha zamani cha Studebaker kilichochukuliwa na Kaiser Jeep mwaka 1964 na baadaye kikawa cha AM General, wale wale waliokuja kutengeneza Humvee. Jeshi lililihesabu kama lori la tani mbili na nusu, yaani ratili 5,000 za mzigo porini. Kwenye lami liliruhusiwa kubeba maradufu. Halina ufunguo wa kuwashia: unageuza swichi, unasikia pampu ya dizeli ikinguruma ndani ya tangi, unabonyeza kitufe cha stata. Kuzima ni kuvuta kamba. Umeme ni volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo, na waipa haziendeshwi kwa umeme bali kwa upepo wa kompresa. Kwa fundi aliyekulia kwenye Bedford na Isuzu, kila kitu humo kinaeleweka ukikitazama, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Hakuna kompyuta ya kubembeleza.

Injini ndiyo iliyomteka mzee. Ni silinda sita, lita 7.8, yenye turbo inayopiga mluzi unaosikika nyumba ya tatu. Ilibuniwa ichome karibu kila mafuta yanayowaka: dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, na hata petroli shida ikizidi. Siri yake iko kichwani mwa pistoni, ambako kuna shimo la duara kama bakuli. Nozeli hairushi mafuta hewani, inayapaka kwenye ukuta wa bakuli hilo, nayo yanawaka kadiri yanavyogeuka mvuke. Ufundi huo ni wa M.A.N. wa Ujerumani. Wapo wanaojisifu kwamba wanalilisha lori hili mafuta machafu ya injini na linakwenda. Linakwenda kweli, ila pampu yake ya dizeli ni ya zamani na fundi wake kumpata ni kazi, kwa hiyo mimi huwaambia watu watie dizeli safi waache michezo.

Mzee aliifanya kazi ya injini kwa adabu kabisa. Alimwaga dizeli iliyooza, akasafisha tangi, akabadilisha filta zote tatu. Akaizungusha injini kwa mkono kwanza, asije akakuta maji ndani ya silinda. Alijua pia kwamba pampu iliyolala miaka huweza kugandia, na injini ikiwaka hivyo ikapaa bila kushikika, ndiyo maana alimweka kijana wake karibu na mdomo wa hewa ameshika ubao wa kuuziba. Ikawaka, ikatoa moshi mweupe, ikatulia. Aliponipigia simu siku ile nilimuuliza, "Ami, breki je?" Akanijibu, "Mwanangu, injini ikishaitika, hayo mengine ni madogo."

Kabla ya breki akaingia kwenye rangi, na hapo pana jambo la kusimama kidogo. Bodi ilikuwa na madoa matatu, kijani, kahawia na nyeusi. Mchoro huo jeshi la Marekani liliupaka katikati ya miaka ya 80, na mara nyingi ulipakwa kwa rangi maalumu iliyoundwa kuzuia sumu za kivita zisinywee kwenye chuma. Wenyewe huiita CARC. Ndani yake mna isosianati, kemikali inayodhuru mapafu, na chini yake huenda ukakuta praima yenye kromati, au madini ya risasi ikiwa tabaka ni la zamani. Ikishakauka haimdhuru mtu aliyekaa karibu nayo. Ukiichoma kwa moto wa kulehemu au ukaipiga grenda mpaka ikapata moto, ni habari nyingine. Mzee alikuwa ameshapiga grenda mlango mzima na nusu ya boneti, amefunga kitambaa puani, na vumbi limetua kwenye nyanya za mkewe. Mke ndiye aliyesimamisha kazi, wala hakusoma popote. Aliona tu rangi ya vumbi lile akalikataa.

Kilichotakiwa ni kuloweka rangi kwa dawa ya kubandulia au kusugua msasa wa maji, kuvaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya kemikali, kutandika turubai chini na kukusanya kila kinachodondoka. Rangi mpya si lazima iwe CARC. Rangi ya kawaida isiyong'aa, ya kijani cha zamani cha jeshi, inapendeza na haihitaji upumue hewa ya bomba. Nyanya ziling'olewa pamoja na udongo wa juu.

Sasa breki.

M35A2 ina breki za dramu magurudumu yote sita (tairi pacha za nyuma huhesabiwa gurudumu moja), zinazoendeshwa kwa mafuta. Pana masta silinda moja chini ya sakafu ya dereva, inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, bomba moja, na wili silinda sita, moja kila gurudumu, zinazosukuma viatu vya breki. Katikati kuna chombo kinachoitwa Air-Pack, kinachopokea upepo wa kompresa na kuuzidisha msukumo wa mguu. Kwa hiyo hizi si breki za upepo kama za semi-trela, na si za mafuta matupu kama za pikapu. Ni mafuta yanayosukumwa na upepo, na njia yake ni moja tu. Pikapu ya leo ikipasuka bomba la nyuma, breki za mbele zinashika. Lori hili likipasuka popote, limepasuka kote.

Mzee alitoa hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki, akaongeza mafuta, akakanyaga. Pedali ikawa ngumu kama jiwe. Akakanyaga tena na tena, akatazama chini ya magurudumu, pakavu. Akaridhika. Kosa limejificha hapa, na ningependa msomaji mwenye gari la aina hii alisome mara mbili: injini ilikuwa imezimwa na matangi ya upepo hayana kitu. Alichopima ni nguvu ya mguu wake peke yake. Air-Pack ilikuwa imelala.

Siku ya kulitembeza aliliacha lingurume mpaka kengele ya upepo mdogo, ambayo hulia chini ya psi 60 au karibu na hapo, ikanyamaza. Upepo ukajaa. Akaingiza gia ya kwanza, transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu kwa ekseli) ikiwa kwenye nzito, akashuka taratibu kwenye mteremko mdogo wa kuelekea barabarani. Alipogusa breki mara ya kwanza lori likasimama vizuri. Mara ya pili akakanyaga kwa nguvu zaidi, Air-Pack nayo ikafanya kazi yake, na msukumo ambao mabomba yale hayakuuona kwa miaka ukapita ndani yake kwa mara ya kwanza. Bomba la chuma lililo juu ya ekseli ya nyuma likapasuka. Pedali ikalala.

Gia nzito ndiyo iliyomsitiri. Alivuta kamba ya kuzimia injini bila kukanyaga klachi, akavuta handbreki, lori likajisukasuka likasimama kabla ya geti. Handbreki ya gari hili haishiki magurudumu, inashika dramu iliyo nyuma ya transfa, kwa hiyo haina uhusiano wowote na mafuta ya breki. Ni chombo cha kuegeshea. Kulisimamishia lori linalokwenda mwendo wa barabarani ni kubahatisha, lakini kwa mwendo wa mtu anayetembea ilitosha.

Nilipofika tulianza kwa kulitia mawe magurudumu mbele na nyuma, maana handbreki haiaminiki ukishaanza kufungua propela na hab. Kisha tukalitafuta bomba. Lilipasukia chini ya klipu, pale linapobanwa kwenye ekseli. Juu na chini ya klipu chuma kilikuwa na kutu ya kawaida ya juujuu tu, ungelipitisha kwa macho bila wasiwasi. Lakini klipu yenyewe ilikuwa imeshika tope na unyevu tangu sijui lini, na nilipoifungua bomba lilikuwa limeliwa kwa upana wa kidole, jembamba kama karatasi ya sigara, na mpasuko mwembamba ukikimbia kwa urefu. Ukilikagua gari kama hili usitazame bomba lililo wazi. Fungua klipu.

Mzee alitaka tubadilishe kipande hicho tu. Nikakataa, tukafungua dramu zote.

Kufungua kwenyewe kuna mtego. Nati za magurudumu ya upande wa kushoto, yaani upande wa dereva huku Marekani, zina nyuzi za kinyume: unafungua kwa kuelekea kulia. Boliti zake zimegongwa herufi L kwenye ncha, lakini chini ya rangi na kutu haisomeki. Wangapi wamekata boliti kwa kuning'inia kwenye spana upande usio wake! Piga brashi ya waya uione herufi kwanza. Magurudumu ya nyuma ni pacha na kila boliti ina nati mbili, ya ndani na ya nje. Ukishayatoa unakutana na nati kubwa mbili za beringi, katikati yake washa ya kukunja, nazo zinataka soketi yake maalumu. Patasi na nyundo zinafungua pia, ila zinaharibu, na fundi atakayefuata atakulaani.

Ndani ya dramu tuliona mengi kuliko tulivyotaka. Magurudumu mawili ya nyuma, sili za hab zilikuwa zimekufa, mafuta mazito ya difu yamepita kwenye beringi yakalowesha viatu vya breki. Viatu vilivyokunywa mafuta ya difu havisafishiki, hata uvioshe kwa petroli namna gani, vikipata joto vinayatema tena. Gurudumu moja la katikati wili silinda ilikuwa imeganda kabisa, pistoni hazitoki wala hazirudi. Nyingine mbili, ukinyanyua mpira wa vumbi, mafuta ya breki yalikuwa yamejikusanya nyuma yake, bado hayajaanza kudondoka. Ndiyo maana chini palikuwa pakavu siku ile ya jaribio. Gurudumu moja tu kati ya sita ndilo ambalo ningeliacha kama lilivyo, na hata hilo hatukuliacha.

Chupa ya masta silinda ilieleza sababu. Mwangaza wa tochi ulionyesha rangi mbili: zambarau juu, njano ya chai chini. Miaka ya 80 jeshi la Marekani lilihamia kwenye mafuta ya breki ya silikoni, yale ya DOT 5, ambayo ni ya zambarau. Mtu fulani baadaye, huenda mkulima aliyelitumia lori shambani, aliongeza DOT 3, mafuta ya breki ya kawaida ya dukani. Aina hizi mbili hazichanganyiki. DOT 3 hunyonya unyevu wa hewa na kuusambaza ndani yake. Silikoni hainyonyi, kwa hiyo maji yakiingia yanabaki maji, na kwa kuwa ni mazito kuliko silikoni yanashuka mpaka mahali pa chini kabisa. Mahali pa chini kabisa ni wili silinda. Huko yanakaa kipupwe na kiangazi yakitoboa chuma vidoadoa. Mzee naye alikuwa ameongeza DOT 3 juu ya hayo yote, kwa sababu ndiyo aliyoijua.

Hapo tukawa na jambo la kuamua, na hatukukubaliana. Wapo wanaobadilisha mfumo wa M35A2 kuwa wa njia mbili: masta silinda yenye vyumba viwili, mbele na nyuma kila moja na bomba lake. Lori likipoteza upande mmoja linabaki na mwingine. Nilimwambia mzee afanye hivyo, kwa kuwa anataka kubeba wajukuu kwenye gwaride la tarehe 4 Julai, na gwaride lina watu mbele na nyuma. Akasema lori likibadilishwa breki halitakuwa tena lile lililotoka South Bend, na kwamba wanajeshi waliendesha njia moja kwa miongo. Ni kweli waliendesha. Lakini jeshini kulikuwa na ratiba ya matengenezo iliyoandikwa, na mtu wa kuisimamia, na lori halikulala shambani. Hoja ya uhalisi naiheshimu kwa rangi, kwa viti, kwa swichi ya taa yenye vishikio vitatu. Kwa breki siioni. Hata hivyo gari ni lake, na fundi anashauri, haamui.

Alichokubali ni hiki: abaki na njia moja, lakini kila kilichomo kiwe kipya. Wili silinda sita, mipira yote, masta silinda, viatu, sili za hab, na Air-Pack ikapelekwa kwa mtaalamu kufumuliwa. Mabomba yote ya chuma tukayatupa, tukapiga mapya ya aloi ya shaba na nikeli, ambayo haishiki kutu na inakunjika kwa mkono bila kuvunjika. Usiweke bomba la shaba tupu, hilo ni la friji. Ncha tulizikunja mara mbili, si mara moja, kama inavyotakiwa kwenye breki. Vipimo tulivitoa kwenye kitabu cha jeshi, TM 9-2320-361-20, ambacho ni mali ya umma na kinapatikana bure. Spea nyingi za jeshi zina namba ya tarakimu 13, na ukiwa na namba hiyo muuzaji hawezi kukupa kitu cha lori jingine akikuambia kinafanana.

Mafuta tukarudisha silikoni. Kwa gari linalosimama muda mrefu kuliko linavyotembea naona ndiyo sahihi, mradi mabomba yote yawe mapya na pasibaki hata tone la DOT 3. Silikoni ina tabia moja ya kukera: ukiimwaga kwa fujo inabeba vipovu vidogo vya hewa visivyotoka upesi. Tulimwaga polepole, tukaanza kutoa hewa kwenye Air-Pack, kisha magurudumuni, tukaliacha usiku mzima, tukarudia asubuhi.

Jaribio la pili lilikuwa tofauti na lile la kwanza. Magurudumu yametiwa mawe, injini inanguruma, upepo umejaa mpaka kompresa imejikata. Maboksi yaliyokunjuliwa chini ya kila gurudumu na chini ya kila kiungo cha bomba. Kijana akakaa kitini akakanyaga kwa nguvu zake zote, akashikilia bila kuachia, sisi tukizunguka na tochi, hakuna aliyelala chini ya gari. Kiungo kimoja cha mbele kikatoa unyevu, ukaonekana kwenye boksi kabla haujaonekana kwenye chuma. Tukakikaza, tukarudia tangu mwanzo.

Tairi zilikuwa kesi yao peke yao. Zile za jeshi za 9.00-20 zina tyubu, na rimu yake ina ringi ya pembeni ya kufungia. Ringi hiyo ikiwa na kutu au ikikaa vibaya, tairi ikijazwa upepo inaweza kuruka na kumuua mtu. Karakana za Marekani zinabanwa na kanuni 1910.177 ya OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini: tairi la rimu ya vipande hujazwa ndani ya kizimba. Nyumbani hakuna mkaguzi. Mzee alitaka kuzijaza akiwa amezifunga minyororo, nami hapo sikushauri, nilipakia magurudumu kwenye lori langu nikayapeleka kwa watu wenye kizimba. Ringi mbili zilikataliwa.

Lori sasa lina namba za gari la kihistoria, ambazo Ohio huzitoa kwa magari yaliyozidi miaka 25, kwa ajili ya maonyesho, gwaride na safari za namna hiyo. Linakwenda, linasimama, halivuti upande. Mzee analitembeza kwenye barabara za mashambani asubuhi za Jumapili, gia ya tano, hapiti kilomita 70 kwa saa. Julai ilipofika alijiunga na gwaride, ila wajukuu aliwapandisha kwenye pikapu ya mwanawe iliyokuwa nyuma yake. Sikumuuliza kwa nini. Majuzi alinipigia kuuliza bei ya ile masta silinda ya vyumba viwili, na kama inaingia bila kukata sakafu.